Mapengo kwenye Gunzi

Karatasi ilinifikia kwa WhatsApp saa tatu usiku, imepigwa picha juu ya meza ya chakula, kona yake moja ina doa la chai. Juu palikuwa na jina la maabara, chini sahihi na muhuri, na katikati mstari mmoja uliobeba habari yote: 46,XY,t(11;22)(q23;q11). Chini ya picha binamu yangu alikuwa ameandika: "Kaka, hiyo 46 naijua, XY naijua. Hiyo t ni nini?"

Mke wake alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu ndani ya miaka minne. Kila kinachopimika kilipimwa, lakini kwake yeye tu: homoni, mfuko wa uzazi, sukari, kaswende, kundi la damu. Alikunywa dawa, alilala miguu juu, aliacha kazi ya kusimama dukani. Daktari wa nne ndiye aliyemgeukia mume na kumwambia, haya baba, na wewe tukuone. Binamu akatoa damu isiyojaa kijiko, sampuli ikasafirishwa nje ya nchi, na wiki tano baadaye yakarudi majibu yenye hiyo t.

Nilimjibu usiku uleule kwa mstari mmoja: vipande viwili vimebadilishana mahali. Akarudisha alama ya dole gumba. Nikajua hajaelewa, maana hata mimi nilikuwa nimeandika kitu nisichokielewa sawasawa.

Bibi yetu wa Handeni, aliyewazaa mama yangu na baba yake huyu binamu, alikuwa na mafungu matatu ya mahindi wakati wa kupukuchua. Yaliyojaa vizuri yalitengwa kwa mbegu, yakaning'inizwa juu ya jiko yashike moshi. Yaliyoingiwa na wadudu yalikuwa ya kuku. Fungu la tatu lilikuwa la magunzi yenye mapengo, na hilo ndilo lililomuudhi, kwa sababu halikuwa na ugonjwa wa kuonekana. Punje zilizokuwepo zilikuwa nene na ng'avu, ila zilikaa mbalimbali kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. "Hili lilikosa upepo," alikuwa akisema, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mahindi huchavushwa na upepo, na jua likichoma siku mmea unapotoa ndevu, punje nyingi hazishiki.

Lakini yapo mahindi yenye mapengo ambayo upepo haukuyanyima kitu. Mwaka 1930, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Barbara McClintock aliweka chini ya hadubini chembe za mmea wa aina hiyo. Ulikuwa mmea mrefu, wa kijani, usio na dalili ya udhaifu, lakini karibu nusu ya chavua yake ilikuwa tupu na gunzi lake lilikosa karibu nusu ya punje. Akaona kwamba kromosomu mbili zisizo za jozi moja zimekatika ncha na kupeana ncha hizo. Hakuna kilichopotea. Mmea ulikuwa na kila kitu ambacho mwenzake wa shamba lilelile alikuwa nacho, ila kimepangwa vingine, na mpango huo haukuudhuru mpaka siku ulipotaka kuzaa. (McClintock alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, kwa kazi nyingine ya mahindi yaleyale. Nusu karne nzima gunzi mkononi, bibi angempenda.)

Hiyo ndiyo t. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kizungu lenye maana ya kuhamishana mahali, na binadamu anaweza kuwa nayo kama hindi.

Daktari alimchorea binamu vijiti vya rangi. Mimi nilimweleza kwa kanga, maana mama yake ana meza ya kanga sokoni na yeye mwenyewe amekua akizikunja. Kila mtu ana doti 23, nikamwambia, vipande 46. Katika kila doti kipande kimoja kilitoka kwa mama na kimoja kwa baba, na siku ukizaa, unampa mtoto kipande kimoja kutoka kila doti. Sasa chukua doti namba 11 na doti namba 22. Katika ile ya 11, kipande kimoja kimekatwa pindo, pindo hilo likaenda kushonewa kipande cha ile ya 22, na kipande hicho nacho kikaleta pindo lake huku. Hesabu vipande: ni 46. Pima kitambaa: hakuna hata inchi iliyopungua. Unaweza kuvaa hivyo mpaka uzeeni na asijue mtu.

Kazi iko siku ya kugawa. Ukitoa vipande viwili vizima, mtoto anakuwa kama mtoto wa jirani. Ukitoa viwili vilivyoungwa, mtoto anakuwa kama wewe, mzima, amebeba t yake. Ila mkono haujui kipi kinakwenda na kipi. Ukitoa kizima kimoja na kilichoungwa kimoja, mtoto anapata kwako pindo moja maradufu na lingine halipati. Na mara nyingine mkono unateleza, badala ya vipande viwili unatoa vitatu.

Kwa t ya 11 na 22, ni kule kuteleza ndiko kunakozaa mtoto anayefika duniani. Anakuja na kromosomu 47, na hiyo ya ziada ni ndogo: kichwa cha 22 kilichoshonewa mkia wa 11. Hali hiyo inaitwa sindromu ya Emanuel, kwa jina la Beverly Emanuel, mtafiti wa Philadelphia. Mtoto anaweza kuzaliwa kaakaa limepasuka, taya dogo, moyo una tundu. Atachelewa sana kukaa na kutembea, na maneno yake yatakuwa machache au hayatakuwepo. Mbele ya masikio yake mara nyingi pana vitobo vidogo, kama vya hereni vilivyokosea mahali. Watu wengi wazima kabisa wanavyo vitobo vya namna hiyo na havina maana yoyote kwao. Kwa watoto hawa ni sehemu ya alama zinazosomwa pamoja.

Niliposoma habari za vitobo hivyo niliacha kusoma, nikatoka nje.

Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba, baba yake binamu, alikuwa na mke wa kwanza kabla ya mama yake binamu, na tulimpenda kwa sababu alikaanga vitumbua bila kuhesabu nani kala vingapi. Mimba zake zilikuwa zikitoka. Siku hizo nilidhani ni kitu cha kawaida kwa mkazamjomba kulala siku tatu na mlango umefungwa. Mmoja alifika. Nilimwona akinyonyeshwa, na maziwa yakimrudia puani, na mkunga wa pale kijijini akigeuza kichwa cha mtoto taratibu, akigusa mbele ya sikio la kushoto, kisha la kulia, asiseme kitu. Mtoto hakumaliza arobaini.

Baada ya hapo maneno yalianza. Palisemwa mkazamjomba ana jini mahaba, ndiye anayemlia watoto. Akafukizwa ubani, akanyweshwa kombe, akapungwa. Palisemwa alivunja mwiko akiwa mjamzito. Palisemwa damu zao haziendani. Mwishowe alirudi kwao Korogwe na sanduku lake la bati, na mjomba akaoa tena. Mke wa pili akazaa wawili, binamu yangu na dada yake, wote wazima. Zile mimba mbili alizopoteza katikati hazikuhesabiwa na mtu. Watoto wawili walitosha kuwa ushahidi: kumbe mzee hana neno, ubaya ulikuwa kwa yule.

Mimba hutoka kwa sababu nyingi mno. Malaria peke yake imetoa nyingi katika kijiji kile, na hata katika hospitali nzuri kabisa za dunia, kama 15 katika kila mimba 100 zinazojulikana hazifiki, karibu nusu ya zile za mwanzoni zikiwa na hitilafu ya kromosomu iliyotokea kwa bahati tu, isiyorithiwa na yeyote. Katika wenzi wanaopoteza mimba mara kwa mara, ni wachache, kati ya 2 na 5 katika kila 100, ambao mmoja wao hukutwa na t ya namna hii. Kwa hiyo nisingemfufua mjomba kwa sababu ya vitobo viwili nilivyoviona nikiwa mtoto. Ila karatasi ya binamu iko mezani, na mama yake binamu naye alipimwa baadaye, vipande vyake vyote vikakutwa mahali pake. Mjomba tulimzika zamani. Hakuna aliyempima na hakuna atakayempima.

Yanayofanyika ndani ya maabara kabla mtu hajaandika t yana mambo yetu mengi kuliko tunavyodhani. Damu inawekwa kwenye joto la mwili kwa siku tatu, na ili chembe nyeupe zikubali kugawanyika hutiwa dawa inayotokana na maharagwe mekundu, sumu ileile inayomsumbua tumbo aliyekula maharagwe yasiyoiva. Peter Nowell wa Philadelphia ndiye aliyegundua mwaka 1960 kwamba inaamsha chembe. Kisha chembe huvimbishwa kwa maji yenye chumvi kidogo ili kromosomu zitawanyike zionekane moja moja. Hilo la maji lilitokana na kosa. Mwaka 1952, huko Galveston, Texas, T. C. Hsu aliona chembe zake zimefunguka vizuri asivyowahi kuona, akahangaika kutafuta sababu, mpaka akagundua kwamba kuna mtu maabarani alichanganya chumvi pungufu. Ni nani, hakujua kamwe. Mpaka hapo wataalamu walikuwa wanaamini tangu 1923 kwamba binadamu ana kromosomu 48. Tjio na Levan walihesabu upya huko Lund, Sweden, wakakuta 46; hesabu hiyo ilichapishwa 1956.

Mwisho inakuja rangi. Ni Giemsa, ile zambarau inayobaki kwenye vidole vya mtu wa maabara ya zahanati anapopima malaria, ambayo sisi wote tumeketi kwenye benchi tukiisubiri. Gustav Giemsa mwenyewe alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani kati ya 1895 na 1898, kabla hajaenda Hamburg kuitengeneza. Mwaka 1971 Marina Seabright, huko Salisbury, Uingereza, alionyesha kwamba ukizipitisha kromosomu kwenye kimeng'enya cha tripsini kwa muda mfupi kisha ukazipaka Giemsa, zinatoka na mistari myeusi na myeupe, kila moja na mistari yake. Kabla ya hapo kromosomu 11 ilifanana na jirani zake kadhaa, na 22 ilikaribiana na 21, zikapangwa kwa urefu tu kama watoto kwenye foleni ya shule. Mwaka mkazamjomba alipoondoka na sanduku, mbinu hiyo ilikuwa imeshatimiza zaidi ya miaka kumi. Rangi yenyewe ilikuwepo kwenye zahanati ya kata, ndani ya chupa ya kahawia, kilomita sita kutoka mlangoni kwake.

Wabebaji ni wengi. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 500 hivi ana vipande vilivyobadilishana namna hii. Uwanja wa Mkapa ukijaa watu 60,000 siku ya Simba na Yanga, kwa uwiano huo watazamaji kama 120 wamebeba, wanashangilia, hawajui. Wengine kama 60, mmoja katika kila 1,000, wana kromosomu 45 tu, kwa sababu mbili zao zimegandana na kuwa moja, na wao pia hawaumwi kitu. Kwa mgando wa 14 na 21 mtoto anaweza kuzaliwa na sindromu ya Down huku hesabu yake ikisoma 46, jambo ambalo Paul Polani na wenzake wa London walilieleza mwaka 1960 kuhusu binti mmoja, mwaka mmoja tu baada ya Wafaransa kutangaza kwamba sindromu hiyo inatokana na kromosomu ya 47. Mama mwenye mgando huo ana uwezekano wa asilimia 10 hadi 15 wa kuzaa mtoto wa hivyo. Baba mwenye mgando uleule ana uwezekano mdogo sana.

Kipande kikubwa kikizidi au kikipungua, mimba haidumu; pengine mwanamke huona siku zake zimechelewa wiki moja, basi. Kipande kidogo ndicho kinachovumilika tumboni mpaka siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo familia ambayo t yake inahusu vipande vikubwa huzika kimyakimya, bila hata kujua inazika, na ile yenye vipande vidogo ndiyo inayopata mtoto wa kulea. Daktari anapomuuliza mbebaji kama katika ukoo aliwahi kuzaliwa mtoto mwenye kasoro, au ni mimba kutoka tu, anatafuta jambo hilo. Jibu hubadilisha makadirio yake kwa kiasi kikubwa.

Lakini nani wa kumjibu? Sisi tunaweza kutaja nasaba mpaka babu wa saba, fulani bin fulani, na katika orodha hiyo hakuna hata mmoja ambaye hakufika. Tukimtaja mwanamke, tunataja aliowazaa. Na pale ambapo tatizo lilitoka kwa mwanamume, kumbukumbu yake yote iliwekwa ndani ya mwili wa mke, akafukuzwa nayo. Mjomba alibaki na watoto wawili na jina zuri; rekodi yake ilipelekwa Korogwe ndani ya sanduku la bati.

Sisemi alikuwa na hatia. Hiyo t ya 11 na 22 ndiyo inayojirudia zaidi duniani katika familia zisizohusiana, na sababu yake imejulikana: katika sehemu mbili hizo uzi wa vinasaba una maandishi yanayosomeka sawa kutoka pande zote mbili, mfano wa maneno kama "ama" na "ada", na uzi wa namna hiyo hujikunja wenyewe, ukasokotana, ukakatika. Hiroki Kurahashi na Emanuel walipochunguza mbegu za wanaume wazima wasio na t yoyote, walizikuta chache zenye t mpya kabisa, iliyotokea hapohapo. Mwanamume yeyote anayesoma haya huenda anazo, chache katika mamilioni yake. Mwanzo wake hauhitaji babu aliyekosa, wala jini. Niliona afadhali kulijua hilo. Binamu aliniambia hakuona tofauti.

Kilichomsumbua yeye ni dada yake. Ameposwa, mahari imeshajadiliwa, na ikiwa t ilitoka kwa baba yao, uwezekano kwamba naye anayo ni nusu kwa nusu. Wakati wa posa watu wetu huuliza ukoo: hakuna kifafa? hakuna ukoma? hakuna wazimu? Maswali hayo yamevunja ndoa nyingi ambazo hazikustahili kuvunjika, na sasa kuna jipya lenye herufi na namba. Mama yao alisema subirini ndoa ipite. Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyeingia chumbani baada ya sanduku kutoka. Hata hivyo naona kosa kumnyamazia binti habari ya mwili wake mwenyewe, na nilisema hivyo, na nikaongeza kwamba mchumba ni wa binti kumwambia au kutomwambia, kwa mdomo wake, baada ya kupimwa. Wabebaji wengi huzaa watoto wazima. Yeye mwenyewe na kaka yake ni ushahidi. Kama hana t, hakuna la kusema. Kama anayo, atajua mapema kwamba mtoto apimwe moyo, kwamba asiyeweza kunyonya anaweza kulishwa kwa njia nyingine, na kwamba mimba ikitoka hana sababu ya kufukizwa. Mama yao alinitazama, akasema, "Wewe unaongea kama hujawahi kukaa katika nyumba ya watu." Tulinyamaza wote. Binti alikuwa jikoni, na sijui kama mlango ulikuwa umefungwa sawasawa.

Wiki iliyofuata binamu alikwenda kwa mshauri wa hospitali, dada mmoja mpole mwenye karatasi kubwa na penseli. Akamchorea ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa kulala ni ndoa. Na pembetatu ndogo, akamweleza, ni mimba ambayo haikufika. Kwa mke wake binamu akachora tatu. Kwa mama yake mbili. Halafu akarudisha penseli kwenye mraba wa mjomba, akavuta mstari mwingine upande wa kushoto, akachora duara, akauliza: huyu wa kwanza, ngapi?

Binamu hakujua. Akanipigia mimi, nami nikapiga Korogwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako imekuwa ya mjomba wako."

Nilimweleza nilivyoweza, karatasi, mahindi, kanga, na kwamba sasa inaonekana mambo hayakutoka kwake. Nilidhani atalia au atakata simu. Nilisikia kuku, na mtu akipita na baiskeli, na yeye akisogeza kiti.

"Unaandika?"

"Naandika, mama."

"Andika saba. Mjomba wako alijua wanne tu."